Ute wa Samaki wa Vilgesjohka

Vilgesjohka, 23 Julai 2019

Sunná mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu, na barua hii naitia ndani ya sanduku la barafu pamoja na wadudu wako, maana simu siziamini. Nikisema neno kwenye simu saa nne asubuhi, saa sita mke wa diwani ananiuliza habari zake dukani. Dereva wa basi namwamini kidogo, kwa sababu hajui kusoma Kisami, lugha yetu.

Samaki ishirini, rávdu watupu, wote wamenaswa na wavu wangu wakipanda mto kutoka baharini, wanono, matumbo mekundu. Nimefanya kama ulivyoniagiza wakati wa Pasaka: kijiti kimoja cha pamba kwenye ngozi, kingine ndani ya utumbo, kila kijiti na kichupa chake, namba juu. Nilicheka peke yangu pale mtoni. Marehemu mama angeniona namtekenya samaki tumboni kwa kijiti, angeniitia mchungaji.

Nilivyokuelewa ni hivi, unisahihishe. Kila samaki amebeba umati wa vijidudu, ngozini na tumboni. Wa mtoni wana wao, wa baharini wana wao, na wale samoni wanaofugwa vizimbani huko ghuba ya pili wana wao wa maradhi. Wakionekana hao wa vizimbani kwenye rávdu wetu, kampuni yenye vizimba haina la kusema tena, na tarehe 14 Oktoba kamati ya pwani haitawapa ruhusa ya kuweka vizimba kumi na viwili mdomoni mwa mto wetu. Wasipoonekana, vizimba vinakuja, na wajukuu zangu watamjua rávdu kwa picha.

Sasa niambie kweli, hiyo maabara yenu ya Tromsø nani anailisha? Nasikia mambo.

Mwanangu Issát anakusalimu. Bado yuko Alta anajenga vibanda vya watalii. Anakuja nyumbani kila wiki ya pili, amechoka hata kusema hawezi.

Mama yako mkubwa,
Inggá


Tromsø, 9 Agosti 2019

Mama mkubwa, shikamoo.

Sanduku lilifika salama, barafu ilikuwa haijayeyuka yote. Maabara yetu inalishwa na serikali, na mshahara wangu ni wa serikali. Ulale usingizi.

Nimepata majibu, na nimepima mara mbili kwa sababu sikuyaamini. Kijidudu cha vizimbani tunachokitafuta kimo kwenye ngozi za samaki kumi na wanane kati ya ishirini.

Ila tumboni hakimo hata kwa mmoja, na hilo ndilo linaloninyima raha. Samaki aliyepita karibu na vizimba amekunywa maji ya pale na amekula vya pale. Ningekikuta utumboni, angalau kwa wawili watatu. Henrik, mwenzangu wa meza ya pili, aliangalia akasema hawa samaki ni kama wamepakwa kwa nje.

Usinielewe vibaya. Nauliza kama ningemuuliza mvuvi yeyote. Uliwashika na nini? Zile glavu nyembamba za plastiki nilizokutumia, ulizivaa? Uliwalaza juu ya nini? Kulikuwa na mtu mwingine karibu?

Tafadhali usimwambie mtu bado.

Mwanao,
Sunná


Vilgesjohka, 14 Agosti 2019

Sunná,

Umechelewa. Dereva alinipa barua yako Jumapili mlangoni pa nyumba ya sala, nikaisoma hadi pale penye kumi na wanane kati ya ishirini, nikaingia kwenye kahawa ya baada ya ibada nikawatangazia wote. Mzee Nilas alilia, jibini ya mkononi ikamtumbukia kwenye kikombe. Sehemu ya pili ya barua nimeisoma nilipofika nyumbani, na nikaona bora ningeichoma.

Wavu ni wangu, mto ni wetu, nimesimama majini hadi kiunoni nina miaka sitini na saba, halafu naulizwa nimeshika na nini. Niliwashika kama nilivyofundishwa kushika samaki. Hakuna mtu aliyekuwa karibu.

Na huyo Henrik ni nani hasa? Kila ukifungua mdomo, Henrik amesema. Mke wa diwani anasema mkubwa wa maabara yenu alionekana ghuba ya pili mwezi wa sita, anakula chakula cha mchana na watu wa kampuni, wanachekeana. Mimi sisemi kitu. Nauliza kama ningemuuliza mtafiti yeyote.

Nitayasoma majibu yako mbele ya kamati, na jina lako nitalitaja.

Inggá


Tromsø, 20 Agosti 2019

Mama mkubwa,

Usilitaje jina langu. Nakuomba.

Nimelinganisha alama za kijidudu kile na zile za kilichomo kwenye samoni wa vizimbani ghuba ya pili msimu huu. Ni kilekile, alama hazipishani hata kidogo. Hakikuzunguka baharini mwaka mzima kikamfikia rávdu. Kimetoka kizimbani juzi, kikafika kwenye ngozi ya samaki wako moja kwa moja. Vichupa vimejaa kijidudu hicho kuliko hata samaki wa kizimbani mwenyewe.

Nimekaa na jambo hili siku nne nikijaribu kutafuta njia ya kulisema kwa adabu, nimeshindwa. Basi nalisema hivihivi. Ulinunua samoni wa kufugwa dukani, ukawapaka rávdu ute wake?

Najua unavyoupenda mto. Najua ungefanya mengi kwa ajili yake. Lakini kampuni ina watafiti wake, na wao watauliza swali la tumboni kabla hawajavua makoti. Wakigundua, mimi nitafukuzwa, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hakuna mvuvi wa Kisami kutoka ghuba yoyote atakayeaminiwa tena akileta samaki wake mezani. Nijibu ndiyo au hapana.

Sunná


Vilgesjohka, 25 Agosti 2019

Kwa Mtafiti Sunná,

Hapana.

Sikujua kwamba mtoto niliyemwogesha kwenye karai ataniita mwongo kwa barua yenye mhuri. Mama yako angekuwa hai ningemtumia hiyo karatasi aione.

Kwa kuwa unataka kujua, glavu zako za plastiki nilizivaa kusafishia choo, ndiyo kazi iliyozifaa. Plastiki inateleza, unambana samaki kwa nguvu, ute wote unabaki mkononi. Wewe mwenyewe ulisema ute usiguswe. Samaki hushikwa kwa glavu za sufu, zile nene za baharini zenye kidole gumba tu, ukizilowesha mtoni kwanza. Sufu iliyolowa haimkwaruzi, na haihitaji nguvu. Mama alinifundisha hivyo kabla hujazaliwa wewe na maabara yako. Glavu hizo haziguswi na sabuni maisha yake yote, zikifuliwa zimekufa. Nilizitoa juu ya jiko zilikokuwa zinakauka, nikaenda nazo mtoni. Basi.

Nimeambiwa watu wa kampuni ni wakarimu sana kwa vijana wasomi. Sijui wamekuahidi nini. Sanduku nalirudisha bila samaki.

Inggá wa Vilgesjohka


Tromsø, 30 Agosti 2019

Kaka Issát,

Naituma hii kwa anwani ya dobi wa Alta uliyonipa zamani, isipite mikononi mwa mama.

Mama amesema alishika samaki kwa glavu za sufu zilizokuwa juu ya jiko. Ninavyokumbuka mimi, zake ziliisha mwaka juzi, panya walizila, na alisema hafumi nyingine hadi macho yamtulie. Zile nilizoziona Pasaka kwenye kamba juu ya jiko zilikuwa kubwa, za mkono wa mwanamume. Nilizisogeza nikitafuta nafasi ya soksi zangu, na zilikuwa na harufu ambayo sikuitilia maanani. Leo nimepita kwenye ghala letu penye magunia ya chakula cha samaki, nikasimama: harufu ni ileile.

Seremala havai glavu za baharini. Unafanya kazi wapi?

Sunná


Alta, 6 Septemba 2019

Dada Sunná,

Barua yako nimeibeba mfukoni siku tatu kama kaa la moto. Sawa. Unajua tayari, unataka niandike tu kwa mkono wangu.

Mwaka wa pili sasa niko kwenye vizimba vya ghuba ya pili. Nalisha, natoa waliokufa, naosha nyavu. Nililala Alta miezi minne nikitafuta useremala, kila mahali wananiambia rudi wakati wa kiangazi. Kampuni ilinichukua siku ileile. Ningemwambiaje mama? Yeye ndiye aliyeandika bango la kwanza la kuwapinga. Jina lake na neno vizimba haviwezi kukaa kwenye sentensi moja bila mtu kupigwa. Nikasema najenga vibanda. Uongo ule ulikuwa wa wiki mbili tu, nipate pa kuegemea kwanza, halafu ukaota mizizi.

Glavu alinifumia yeye zamani. Huko majini hakuna kitu cha dukani kinachozifikia kwa joto. Nikirudi nyumbani zimelowa, natundika juu ya jiko. Ijumaa ile ya Julai nilitundika, Jumatatu nikaondoka na basi la alfajiri nikazisahau. Nilijua amezichukua niliposikia habari ya kumi na wanane kati ya ishirini. Nilijua kabla yako, Sunná. Nilinyamaza.

Sasa nisikilize, usinikasirikie kwanza. Majibu yako si ya kubuni. Umepima, umekuta, umeandika. Ukiyaacha kama yalivyo, vizimba haviji Vilgesjohka, mama anazeeka na furaha yake, na mimi nabaki na kazi yangu ghuba ya pili bila kumvunja moyo. Nani ameumia hapo? Kampuni? Wana ghuba nyingine arobaini.

Nakuomba kama ndugu. Kaa kimya.

Issát


Tromsø, 12 Septemba 2019

Mama mkubwa, shikamoo.

Naomba radhi. Nilikuita mwongo na hukusema uongo. Nimekosa, na nikija nitaomba tena uso kwa uso.

Kilichotokea ni hiki. Kijidudu kilikuwa kwenye sufu. Zile glavu zilikuwa zimegusa samaki wa vizimbani kabla hazijagusa wako, na kwa kuwa hazifuliwi, kikabaki humo kikisubiri maji. Ulipozilowesha mtoni, ukawapaka samaki kumi na wanane bila kujua. Wawili wa kwanza walipona kwa sababu sufu ilikuwa haijalainika.

Zilifikaje huko kizimbani sijui. Huenda ulimwazima mtu, huenda zilianguka mahali bandarini. Usihangaike nalo.

Majibu ya Julai siwezi kuyapeleka kwenye kamati. Nimeshamwambia mkubwa wangu. Lakini rávdu bado wanapanda mto, bado tuna wiki mbili. Nipe samaki wengine ishirini. Mikono mitupu, uioshe kwa maji ya mto kila baada ya samaki. Ukinikubalia nitajua umenisamehe.

Mwanao,
Sunná


Vilgesjohka, 21 Septemba 2019

Sunná,

Ishirini wengine hao hapo. Vidole vyangu vimekufa ganzi, siwezi hata kufunga kifungo, na wewe ndiye mwenye kosa. Samaki nimewatia chumvi, utawakuta.

Umeomba radhi vizuri, ila uongo hujui kuutunga. Sijawahi kumwazima mtu glavu. Na bandarini sijashuka tangu mwaka jana nilipogombana na mkuu wa bandari.

Issát alikuja wiki iliyopita. Nilimwuliza vibanda vinaendeleaje, akasema vizuri, wanapiga paa. Nikamwuliza paa la nini, mbao au bati, akafikiri kwanza. Nikamkorogea kahawa. Koti lake nililitundika mwenyewe. Mbao zina harufu yake na chakula cha samaki kina harufu yake, lakini mimi ni mzee, pua imechoka.

Wewe unajua kitu, na yeye anajua kitu, na mimi nakaa katikati yenu namimina kahawa. Sitamwuliza. Anao mdomo.

Niambie samaki wanasemaje.

Mama yako mkubwa,
Inggá


Tromsø, 3 Oktoba 2019

Mama mkubwa,

Samaki ni wasafi, ngozini na tumboni, wote ishirini. Kijidudu cha vizimbani hakimo kabisa. Nilipoona, nilifurahi kwa ajili yao, halafu nikakaa chini, maana kampuni itasema waziwazi kwamba vizimba vya ghuba ya pili havijawadhuru rávdu wa Vilgesjohka hata kidogo.

Lakini tunalo jambo moja, na nimelipima mbele na nyuma. Jozi moja ya glavu za sufu, kwa siku tatu, ilichukua kijidudu kutoka kizimbani, ikakivusha mlima kwa basi, ikakifikisha kwenye samaki kumi na wanane. Kampuni wameapa kwamba hakuna kinachotoka kwenye vizimba vyao. Kama glavu moja imefanya hivyo, fikiria maboti, buti na nyavu za vizimba kumi na viwili mdomoni mwa mto. Hiyo ni hoja ya kweli, nami nitaisimamia kwa jina langu, na vipimo vyote viwili nitavipeleka.

Tatizo ni moja. Wataniuliza, glavu ni za nani na zilifikaje kizimbani. Mtu mwenyewe asiposimama akasema nafanya kazi pale, ni zangu, nilitoka nazo siku fulani, wataiita hadithi ya wanawake wawili wa ukoo mmoja.

Mimi jina silitaji. Si la kwangu kulitaja. Nakuachia.

Sunná


Vilgesjohka, 20 Oktoba 2019

Dada Sunná,

Wewe ulizungumza na kamati kwa ile skrini ukutani, na nasikia picha ilikatika kwako baada ya swali. Mama amekuambia tumeshindwa, na amekuambia usiulize zaidi. Sasa uyasikie kwangu, maana nilikuwepo.

Kampuni ilitutaka wafanyakazi wote twende, tujaze viti. Nilikaa safu ya nyuma na koti lao la bluu. Mama alikuwa mbele na mzee Nilas na watu wote wa nyumba ya sala. Aliponiona na lile koti hakushtuka. Alinipungia mkono kama ananiona kituo cha basi.

Ulieleza vizuri. Hata mwenyekiti alikuwa anaandika. Kisha mwanasheria wa kampuni akainuka taratibu akauliza, glavu hizo ni za nani? Mama akasimama. Akageuka, Sunná, akaniangalia. Hakuniangalia kwa ukali. Aliningoja tu, muda mrefu, hata mwenyekiti akakohoa. Meneja wangu alikuwa kiti cha jirani. Nikaangalia buti zangu.

Mama akasema, "Ni zangu." Mwanasheria akauliza zilifikaje kizimbani. Akasema, "Nilikwenda mwenyewe kuiba ute wa samaki wenu. Niliwapaka samaki wangu. Huyu msichana hakujua lolote, nilimdanganya." Mtu akacheka. Mzee Nilas akasogeza kiti chake kando. Baada ya nusu saa wakapiga kura, vizimba vikapita.

Tangu siku hiyo mama anazunguka. Unajua desturi yetu, mtu akikosa mbele ya watu anakwenda nyumba kwa nyumba, anamshika mwenzake shingoni, anaomba msamaha, na anayeombwa hana jibu jingine ila umesamehewa. Amekwenda kwa Nilas. Amekwenda kwa mke wa diwani, pamoja na ulimi wake. Kila mahali anasema, nilisema uongo kwenye kamati, nisamehe. Wao wanadhani anatubu wizi wa ute. Wanamsamehe wizi.

Jana alimaliza kijiji. Niliamini atakaa sasa anywe chai. Akaja jikoni nilipokuwa, mikono ikiwa ya baridi, akanishika shingoni akasema, "Issát mwanangu, nilisema uongo mbele za watu. Nisamehe." Hakuongeza kitu. Hakuuliza kitu. Nilijaribu kusema lile neno moja tunalosema wote tangu utotoni, nikashindwa kulitoa. Akaniachia, akaenda kuosha vikombe.

Nimeandika barua kwa kamati. Muda wa kukata rufaa ni wiki tatu. Nimeandika jina langu, kizimba ninachofanyia kazi, siku niliyotoka na glavu, na basi nililopanda. Nimeandika pia kwamba mama hajawahi kufika ghuba ya pili maishani mwake, na kwamba nilimwona akisimama peke yake nikanyamaza. Nimeituma asubuhi hii, kabla sijaanza kukuandikia wewe, nisije nikabadili nia. Meneja nimempelekea nakala. Nadhani kesho sina kazi, na sijui kama rufaa itasikilizwa.

Mama yuko uani anapasua kuni. Nikifunga bahasha hii nakwenda kumwambia, halafu nitamwomba msamaha mimi.

Kaka yako,
Issát